Nani Atatufungulia Msimbo wa Zamani?

Maneno niliyosema mbele ya wanaprogramu na wasimamizi wa mifumo ya biashara, Upper Hill, Nairobi, kuhusu vihariri, yaani zana za kufungulia na kuandikia msimbo (maandishi ya programu) kwenye mashine za zamani. Nimeyanyoosha kidogo tu ili yasomeke.

Mwenyekiti, wazee wenzangu wa mitambo, na ninyi vijana mliotoka Juja na Madaraka mkavumilia foleni ya jioni ili mje kusikia habari za mashine iliyowazidi umri, hamjambo?

Nianze na Oktoba ya 2024. Nyote mnaikumbuka. NHIF, bima yetu ya afya ya taifa, ilizikwa, SHIF ikachukua nafasi yake, na kila mwenye mfumo wa mishahara akatakiwa kubadilisha hesabu kabla ya mwisho wa mwezi. NHIF ilikuwa na ngazi: wa chini kabisa alikatwa shilingi 150, na aliyepata 100,000 au zaidi alikatwa 1,700, basi, haipandi tena. SHIF haina ngazi. Ni asilimia 2.75 ya mshahara, isipungue shilingi 300. Mtu wa 100,000 akaruka kutoka 1,700 hadi 2,750. Kwa mfanyakazi hayo yalikuwa maumivu ya mfukoni. Kwetu sisi yalikuwa mistari michache ya programu.

Kuna kampuni niliyokuwa nikiisaidia wakati huo. Mishahara yao iko kwenye AS/400, kompyuta ya IBM ya shughuli za biashara. Najua jina lake rasmi siku hizi ni IBM i, lakini sijawahi kusikia mtu wa zamu ya usiku akiiita hivyo, kwa hiyo mniruhusu. Programu imeandikwa kwa RPG, lugha ya programu ya mashine hizo. Aliyeiandika alistaafu akaenda kufuga ng'ombe, na aliyeachiwa ni binti wa miaka 26, hodari kuliko nilivyokuwa mimi katika umri huo, aliyejifunzia RPG palepale kazini. Niliketi kando yake nikitazama.

Akaifungua programu kwa SEU. Kwa wasioijua, SEU ni kihariri, edita kama tunavyosema kazini, cha skrini ya kijani: mistari 24, herufi 80 kwa kila mstari, na funguo za F zimepangwa chini kama bei za hotelini. Binti akaandika mstari wa kutangaza kiwango kipya. Aliuandika kwa mtindo huru, ule unaoanza na dcl-s, kwa sababu mkandarasi mmoja aliyepita pale miaka ya nyuma alikuwa ameshaandika mistari kadhaa hivyo hivyo. Akabonyeza Enter. Mstari ukawaka, na ujumbe wa kosa ukatokea chini. Akagusa mstari wa jirani, ule wa mkandarasi. Nao ukawaka.

Alichofanya ndicho ambacho mtu mwenye nidhamu hufanya: aliiamini mashine. Akaanza kuirekebisha mistari ambayo haikuwa na kosa lolote. Mingine akaihamishia kwenye safu za zamani, ambako kila kitu kina nafasi yake maalumu katika mstari, herufi D kwenye safu ya 6. Mingine akaitia nyota safu ya 7 ili iwe maelezo tu, mashine iiruke, akisema ataishughulikia baadaye. Ilimchukua saa moja na nusu. Mwishowe SEU ikanyamaza, imeridhika kabisa. Na programu ikakataa kukompaili, yaani kompaila ilishindwa kuugeuza msimbo uwe programu ya kuendeshwa.

Siri yake ni hii. IBM waliacha kuifundisha SEU lugha kwenye toleo la 6.1, mwaka wa 2008. RPG yenyewe haikusimama. Lilikuja 7.1 mwaka wa 2010, na mwaka wa 2013 mistari ya kutangaza kwa mtindo huru, kama ule wa dcl-s, ikaruhusiwa. Kompaila inayajua yote hayo. Kihariri hakijui. Ni mwalimu aliyestaafu 2008 anayeletewa insha za leo, naye bado ana kalamu nyekundu mkononi. Kukosa kumsaidia mwanafunzi si tatizo kubwa, angeachwa tu. Tatizo ni kwamba anamkosesha.

Nimeileta hadithi hii kwa sababu kila nikialikwa kuzungumza juu ya mifumo ya zamani, swali huwa lilelile: hiyo mashine itakufa lini? Nami nasema mnalilia maiti isiyokuwepo. Mashine haifi leo wala kesho. Toleo la 7.6 lilitoka Aprili 2025. Ninachohofia mimi ni ule mlango wa kuingilia ndani ya msimbo. Siku mlango ukifungwa, mashine itabaki ikifanya kazi vizuri sana, ikikata NHIF.

Ngoja niseme kidogo kwa nini haifi, maana vijana hudhani ni ukaidi wa wazee. AS/400 ilitangazwa Juni 1988, kazi ya watu wa IBM wa Rochester, Minnesota. Waliijenga hivi kwamba programu haizungumzi na prosesa moja kwa moja. Kuna tabaka katikati. Mwaka wa 1995 walipobadilisha prosesa yote, kutoka biti 48 kwenda 64 za PowerPC, programu za wateja zilihama bila kuandikwa upya. Fikirieni: wamebomoa nyumba na kuijenga tena, na mpangaji hakuamka. Uhandisi mzuri ajabu. Lakini una ubaya wake ambao hausemwi: kwa kuwa programu inahama yenyewe, hakuna anayelazimika kutafuta msimbo wake. Nimeingia katika kiwanda kimoja nikakuta programu ya ankara inafanya kazi kila siku ya Mungu, na msimbo wake haupo. Haupo kwenye maktaba, haupo kwenye tepu, haupo popote. Wanakula chakula ambacho mpishi wake ameondoka na hakuacha hata jina la kiungo kimoja. Hapo hata uletewe kihariri cha dhahabu, utafungua nini?

Sasa, nisiitukane SEU mno, kuna watu hapa nitashindwa kusalimiana nao mlangoni.

Aprili 2020, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iliteremka hapa Kenya kutoka asilimia 16 hadi 14. Mwezi huo huo, kule Marekani, gavana wa New Jersey Phil Murphy alikuwa akiwaomba hadharani watu wanaojua COBOL, lugha nyingine ya zamani ya programu, wajitokeze, kwa sababu watu waliopoteza kazi walikuwa wamefurika kwenye mifumo ya misaada ya miaka mingi. Dunia nzima ikacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na programu kumi na moja za kubadilisha asilimia, na kafyu inaanza saa moja jioni. Nilifanya kazi ile nikiwa nyumbani Buruburu kwa intaneti ya simu. Skrini ya kijani hutuma herufi tu. Bando la siku lilitosha na likabaki. Stima ikapotea katikati ya kazi, nami nikajua nimepoteza kila kitu. Iliporudi, nikafungua, na SEU ikaniuliza kama nataka kuendelea na ile nakala niliyoiacha. Kwa sababu kihariri chenyewe kinakaa ndani ya seva, si kwenye kompyuta yangu. Januari 2021 kodi ikarudi 16, nikarudia kazi yote kinyumenyume.

Kwa hiyo mzee akisema "mimi na SEU hadi kaburini", namwelewa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ila mbachao wetu huu umeshatoboka mahali pa kupigia magoti.

Kuna jambo moja zaidi nataka mlione kabla sijafika kwenye vihariri vipya. Ukiufungua msimbo wa zamani, mwisho wa kila mstari, kulia kabisa, kuna tarakimu sita. Ni tarehe ambayo mstari ule uliguswa mara ya mwisho. Kwenye faili ile ya binti tuliona 960813. Tarehe 13 Agosti 1996. Mstari mwingine 991104, na hapo mtu yeyote wa rika langu anajua bila kuambiwa kwamba yule jamaa alikuwa akipambana na hitilafu ya tarehe za mwaka wa 2000. Tarakimu sita zile huhifadhiwa pamoja na mstari, ndani ya faili, kila mstari na yake. Ukiuhamisha msimbo kuwa faili za maandishi za kawaida, kama vihariri vipya na Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, vinavyopenda, zinapotea. Git itakuandikia historia nzuri zaidi, nani, lini, kwa nini, lakini historia hiyo inaanza siku ulipoingiza faili. Kwa Git, programu yote ya 1996 iliandikwa Jumanne iliyopita na mtu mmoja.

Mzee mmoja alikataa kuhama kwa sababu hiyo tu, na watu wakamwona mkorofi. Mimi nilimwona ndiye pekee aliyesoma masharti. Tulimalizana hivi: kabla ya kuhama tulinakili faili zote pamoja na tarehe zake kwenye jedwali la hifadhidata, tukaliweka kwa kusoma tu. Kazi ya alasiri moja. Fanyeni hivyo.

Haya, milango mingine ni ipi? Wa kwanza ni wa IBM wenyewe, Rational Developer for i, RDi kwa kifupi. Ni chombo kizuri, sikatai. Kimejengwa juu ya Eclipse, zana ya kuundia programu ambayo IBM waliitoa bure kwa ulimwengu mwaka wa 2001. RDi yenyewe si ya bure. Leseni ni kwa kila mwanaprogramu na bei ni ya dola, na mapema 2024 dola ilipopita shilingi 160 niliwaona wakurugenzi wa fedha wakiuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake zuri: kwani hiyo ya kijani haiandiki? Kuna pia Merlin, ya 2022, ambayo inakupa kihariri ndani ya kivinjari. Ilipotoka ilitaka OpenShift chini yake, jukwaa zito la kuendeshea programu kwenye seva. Kwa benki kubwa, labda. Kwa kampuni ya Industrial Area yenye wanaprogramu wawili na mmoja yuko likizo ya uzazi, tusitaniane.

Mlango ambao vijana wote wanapita ni Visual Studio Code, kihariri cha Microsoft kilichotangazwa Aprili 2015. Mwanaprogramu aitwaye Liam Allan akaanzisha kiongezi chake kinachoitwa Code for IBM i, programu huria, kinachoifikia mashine kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Ukiwa nacho, yule binti anaandika dcl-s, na hakuna anayempigia kelele. Anaona orodha ya vigeu vyake, yale majina yanayobeba thamani, pembeni. Anabofya jina la faili ya mishahara, nayo inafunguka. Mara ya kwanza alipokiona aliniuliza, "Mzee, hii ni mashine ile ile?" Ni ile ile, mama.

Ila msidhani ni kupakua tu na kuanza. SSH lazima iwashwe kwenye seva. Amri yenyewe ni neno moja na mabano, STRTCPSVR SERVER(*SSHD), sekunde mbili. Kibali cha kuibonyeza kilituchukua wiki saba, kwa kuwa mkaguzi alikuwa na orodha ya milango ya mtandao inayoruhusiwa na mlango wa 22, ambao SSH huutumia, haukuwemo, na aliyetunga orodha hiyo hakupatikana. Tulipopata kibali tukakutana na pauni. Mashine nyingi hapa kwetu ziliwekwa zamani kwa mipangilio ya Uingereza, na kwenye jedwali lile la herufi, alama ya pauni imekaa mahali ambapo jedwali la Marekani limeweka dola. Programu iliyokuwa na vigeu vyenye alama ya dola, ikitazamwa kupitia jedwali lisilo lake, inajaa pauni. Binti akadhani ni virusi. Ni ukoloni tu.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Watu wengi wakishaonja kihariri kipya wanapumua: tumeokoka. Nawaambia hamjaokoka, mmehamia kwa mwenye nyumba mwingine. Mnakumbuka Atom? Kihariri cha GitHub, ile tovuti ya kuhifadhia msimbo, kilitoka 2014, kikapendwa sana, nusu ya vijana hapa walianzia hapo. Microsoft ikainunua GitHub mwaka wa 2018, ikawa na vihariri viwili ndani ya nyumba moja. Juni 2022 wakatangaza kwamba Atom inafungwa. Desemba 15 mwaka huohuo, kwisha. Kipenzi cha watu wengi kilipewa miezi sita kuaga. Sasa kipimeni hicho dhidi ya kiongezi cha lugha ambayo wanafunzi wengi wa chuo hawajawahi kuisikia, kinachotunzwa na watu wachache, juu ya kihariri ambacho mwenye nacho hategemei RPG kwa chakula. Siwatabirii mabaya, kinatunzwa vizuri leo na mimi nakitumia. Nauliza tu kama mnajua mlivyosimama.

Lakini angalieni jambo hili. Atom ilipokufa, nani alipoteza msimbo? Hakuna. Watu walifunga dirisha moja wakafungua lingine, faili zikawa palepale, maandishi matupu. Kihariri kikifa na msimbo wako ni maandishi ndani ya Git, umefiwa na kalamu. Kihariri kikifa na msimbo wako umefungiwa kwenye muundo ambao ni kihariri hicho peke yake kinaufungua, umefiwa na maktaba.

Na kuna la pili, ambalo ndilo linanipa usingizi. Zamani kila kihariri kililazimika kujua kila lugha chenyewe. Ndiyo maana SEU ilipoacha kufundishwa, ikafa kichwa wakati mikono bado inafanya kazi. Mwaka wa 2016 Microsoft, pamoja na kampuni za Red Hat na Codenvy, walitangaza utaratibu mwingine: ujuzi wa lugha ukae katika programu yake pembeni, na kihariri kiulize tu. "Neno hili ni nini? Limetumika wapi?" Kihariri chochote kinachojua kuuliza kinaweza kujibiwa. Ujuzi wa RPG umeshaandikwa kwa utaratibu huo, hadharani, kwa programu huria. Ulianza na mtindo huru, na ule wa safu ukaja baadaye. Maana yake, kitu cha kukilinda si Visual Studio Code. Ni ile programu ya pembeni inayoijua lugha. Madirisha yatabadilika, mnaweza kubadilisha kila miaka mitano mkitaka.

Mameneja mliopo, hapa ndipo ninapowahitaji. Mnalipa mkataba wa matengenezo ya mashine kila mwaka bila kuuliza, hata feni ya seva ina mkataba. Kihariri, ambacho bila hicho hamwezi kubadilisha hata senti moja ya SHIF, mnakichukua bure na hamjawahi kumlipa mtu hata siku mbili za kazi ili aripoti hitilafu au atume rekebisho. Yule binti alikuta kosa katika mistari ya safu za zamani. Alijua kulieleza vizuri, na Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Aliambiwa na msimamizi wake hiyo si kazi ya kampuni. Basi ni kazi ya nani? Mistari yenye safu hizo ni ya kwenu, ya 1996, na walioanzisha kiongezi hicho wengine hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wananyonya. Mtu wa ng'ambo hatakaa usiku kucha kujaribu programu ya makato ya chama cha ushirika cha Kenya. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini mwenyeji naye huwasha jiko.

Mtaniuliza akili bandia. IBM walitangaza msaidizi wao wa COBOL kwa mashine kubwa mwaka wa 2023, na wengine wanafuata. Nimeijaribu ya aina hiyo kueleza programu ya zamani, ikaeleza vizuri, isipokuwa mahali pamoja ilipoamua kwamba kigeu kilichoitwa KODI ni namba ya siri. Kwa lugha nyingine pengine ni kweli. Tumieni, lakini mtu anayejua kwamba kodi ni kodi awe karibu.

Turudi kwa binti, nilimwacha na programu isiyokompaili. Tulirudisha nakala ya jana yake, tukaandika upya mistari mitano, safari hii SEU ikipiga kelele nasi tukiiacha ipige. Ikakompaili mara moja. Mishahara ilitoka tarehe 28, na waliokasirika walikasirikia serikali, si sisi. Kabla hajafunga alitelezesha skrini kulia akaniita nitazame. Mstari wa 960813, na chini yake wa kwake: 241022. Akaupiga picha kwa simu.

Chai naona imeshaletwa. Maswali nayapokea, na tuanze na yule mzee pale nyuma ambaye mkono wake uko juu tangu nilipotaja kalamu nyekundu.